Mahasimu wawili, sheria moja

Mdahalo wa shuleni huendeshwa kwa desturi ile ile. Watetezi wa hoja huketi upande huu, wapinzani upande ule, na katikati hukaa mwenyekiti na mtunza saa. Mwishoni sifa humwendea aliyemwaibisha mwenzake zaidi. Sijapata kuona mwanafunzi akituzwa kwa kutunga sentensi moja ambayo pande zote mbili zingekubali kuitia sahihi. Kisha vijana hao hukua, wengine wakaingia bungeni, nasi tukashangaa kuwaona wakiendeleza mchezo tuliowafunza wenyewe.

Kwa walimu wa Historia na Serikali nina mfano unaostahili kudurusiwa darasani. Unatoka Marekani, lakini matunda yake yameonekana hapa Kenya.

Marehemu Henry Hyde alikuwa mbunge wa chama cha Republican kutoka Illinois. Jina lake lilifungamana na marufuku ya mwaka wa 1976 ya kutumia fedha za serikali kuu kugharimia uavyaji wa mimba, na mnamo 1998 aliongoza kamati iliyoidhinisha mashtaka ya kumng'oa Rais Bill Clinton mamlakani. Hakuwa mtu vuguvugu. Mwenzake, Tom Lantos wa California, alikuwa wa chama cha Democratic. Myahudi mzaliwa wa Budapest, na manusura pekee wa mauaji ya halaiki ya Wanazi aliyewahi kuchaguliwa katika bunge hilo. Katika kamati ya uhusiano wa kimataifa, Hyde alikuwa mwenyekiti naye Lantos akiwaongoza wanakamati wa upinzani.

Mnamo Januari 2003 Rais George W. Bush aliliomba bunge dola bilioni 15, zitumiwe kwa miaka mitano kupambana na Ukimwi ng'ambo. Kwetu ugonjwa huo ulikuwa umetangazwa janga la kitaifa tangu 1999, na dawa za kupunguza makali yake zilikuwa za wenye nacho. Waliokuwa wakifundisha miaka ile hawajasahau viti vilivyobaki vitupu katika vyumba vya walimu.

Mwafaka haukuja kwa maneno matamu. Wahafidhina walitaka vijana wahimizwe kusubiri hadi ndoa; wapinzani wao walishikilia kwamba kinga bila kondomu ni kuwahadaa watu. Sheria iliyopatikana haikumridhisha yeyote kikamilifu. Iliruhusu kondomu, lakini ikatenga thuluthi moja ya fedha za kinga kwa mafunzo ya kujiepusha na ngono, na kuyapa mashirika ya kidini uhuru wa kutoshiriki jambo linalopingana na imani yao. Binafsi naona thuluthi ile ilikuwa kosa, na bunge lenyewe liliondoa sharti hilo mwaka wa 2008. Hata hivyo, mgonjwa wa Homa Bay hakuweza kungoja miaka mitano ili kifungu hicho kinyooshwe. Mswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 375 dhidi ya 41, na ukawa sheria mwezi wa Mei 2003. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopewa kipaumbele. Serikali ya Marekani hukadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25 duniani.

Hyde alifariki Novemba 2007, Lantos akamfuata Februari 2008. Sheria ya kuurefusha mpango, iliyopitishwa mwaka huo, ilipewa majina yao yote mawili.

Ajabu ni yaliyofuata. Mwaka wa 2023 wabunge wahafidhina walikataa kuurefusha mpango kwa miaka mitano mingine, wakidai fedha zake zinasaidia mashirika yanayotetea uavyaji wa mimba. Suala ambalo Hyde alilipigania maisha yake yote, naye hakuliacha lizuie dawa, sasa lilitumiwa kuziweka hatarini. Ukarefushwa kwa mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025. Kabla ya hapo, Januari 2025, Rais Donald Trump alikuwa amesimamisha misaada ya kigeni, na hapa nchini kliniki zikafunga milango na wahudumu wakatumwa nyumbani.

Ni rahisi kuwalaumu Wamarekani. Lakini mnamo 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijaitimiza ahadi hiyo. Mnamo 2004 Bunge letu lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Uhai wa mwanafunzi anayemeza vidonge kila jioni katika bweni umetegemea kwa miaka zaidi ya 20 maelewano ya watu wasiopigiwa kura na mzazi wake.

Muhula ujao, mwalimu mmoja na ajaribu. Hoja iwe ni nani agharimie dawa za Ukimwi nchini Kenya, na kabla ya kengele kulia kila upande utaje kifungu kimoja ulicho tayari kukiachilia. Alama nyingi zitolewe kwa hicho.