Salio Halitoshi na Foleni Nyuma Yetu

Baada ya swala ya Isha tuliingia katika duka moja la dawa hapa Songea. Dawa zilikwisha kufungwa na bei kutajwa, ndipo tulipoanza kuitafuta simu mfukoni. Tukabonyeza nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri mbili, reli. Tukaomba tusomewe namba ya malipo, tukakosea tarakimu, na menyu, ambayo haina subira na mwenye kusitasita, ikajifunga. Tukaanza upya. Mara hii salio halikutosha. Tukampigia mdogo wetu atutumie, nasi tumesimama palepale kaunta.

Nyuma yetu alikuwapo mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto anayechemka homa, na noti ya shilingi elfu tano mkononi, imekunjwa mara nne. Hakusema neno. Zamu yake ilipofika, alihudumiwa kwa muda mfupi kuliko ule tulioutumia kuikumbuka namba ya siri.

Hatuilaumu simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wengi wetu tumepumzika hofu ya kubeba fedha na adha ya chenji. Tatizo ni kwamba mwenye noti huitoa mapema, ilhali mwenye simu hudhani muda wa kaunta ni mali yake.

Jabir bin Abdullah (r.a.) amepokea, na Bukhari akahifadhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwombea rehema mtu aliye mwepesi auzapo, anunuapo na adaipo haki yake. Tumezoea kuielewa kwa upande wa bei tu. Kumbe wepesi wa mnunuzi waweza kuanzia kwenye foleni: salio limekaguliwa, namba imenakiliwa kutoka bangoni, na malipo yakigoma, anasogea kando kumpisha wa nyuma. Muuzaji naye ana wepesi wake, asitangaze kwa sauti kuwa salio la mtu halitoshi. Tumeona mzee mwenye heshima zake akiacha sukari kaunta na kuondoka kwa fedheha, na pengine ulikuwa mtandao tu.

Yule mama tulimwahi mlangoni.

“Utusamehe, mama, tumekuchelewesha.”

“Haidhuru, baba,” alijibu, huku akimfunika mtoto vizuri kwa kanga, akaenda kutafuta bodaboda.