Kabla ya kupunguza tumbo, ulizia dawa yako ya ADHD

Ukiamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito utaulizwa mambo mengi. Utapimwa uzito, urefu, sukari na shinikizo la damu. Utaulizwa kama unavuta sigara na nani atakuhudumia ukirudi nyumbani. Gharama utaelezwa hadi shilingi ya mwisho. Swali ambalo ni rahisi kusahaulika ni hili: dawa unazomeza kila siku zitafanyaje kazi tumbo likishabadilishwa?

Leo nazungumzia dawa za ADHD, ile hali inayomfanya mtu ashindwe kutuliza akili kwenye jambo moja, asahau, atende kabla ya kufikiri na, kwa wengine, asitulie kitini. Tafiti zimeonyesha kuwa ADHD na unene uliokithiri hukutana kwa mtu mmoja mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mwenye hali hii anaweza kusahau kula mchana kutwa, kisha usiku akala bila kipimo. Akishafanyiwa upasuaji, ndugu humwambia, "Hiyo si dawa ya watoto watundu tu? Iache kwanza upone." Mimi nasema ushauri huo ni mbaya, na unaweza kuharibu hata faida ya upasuaji wenyewe.

Tumbo jipya, dawa ileile

Upasuaji huu una aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban robo tatu au zaidi, ukabaki mwembamba kama ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kukiunganisha na utumbo mwembamba kwa mbele, ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo ya utumbo. Puto la tumboni, ambalo hapa kwetu huwekwa hata Mloganzila, si upasuaji. Hata hivyo nalo huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo anayewekewa naye aseme dawa anazotumia.

Dawa hupita njia hiyohiyo ya chakula. Methilifenidati, inayouzwa kwa majina kama Ritalin na Concerta, ina vidonge vya kawaida vinavyofanya kazi saa tatu hadi nne, na vingine vinavyotoa dawa polepole mchana kutwa. Hivi vya polepole vimeundwa kwa kutegemea safari ndefu tumboni. Njia ikifupishwa, ni vigumu kujua kimetoka kiasi gani kabla kidonge hakijapita. Zaidi ya hayo, ganda la Concerta haliyeyuki, hutoka na choo. Ndiyo maana haifai kwa mtu ambaye njia yake ya chakula imekuwa nyembamba sana, jambo linaloweza kutokea pale kifuko kilipounganishwa na utumbo.

Je, dawa itakuzidi au itakupungukia? Yote mawili yanawezekana. Mwaka 2013 madaktari waliandika habari za mgonjwa aliyepata dalili za kuzidiwa na methilifenidati baada ya upasuaji wa aina ya pili. Mwaka 2017 wengine wakaandika habari za mgonjwa ambaye dawa hiyohiyo, baada ya upasuaji wa aina hiyohiyo, haikunyonywa vya kutosha. Kwa hiyo usimwamini anayekwambia kwa uhakika kwamba dozi yako ibaki ilivyo, wala anayekwambia uiongeze. Dozi ipangwe na daktari wako kwa kukufuatilia wewe.

Usiponde kabla ya kuuliza

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji wagonjwa huambiwa wameze dawa za maji au zilizopondwa. Ushauri huo ni mzuri kwa dawa nyingi, lakini ni hatari kwa kidonge cha kutoa dawa polepole. Ukikiponda, dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mara moja. Moyo unaweza kwenda mbio, shinikizo likapanda, ukakosa usingizi na kujawa na wasiwasi.

Kuna kapsuli zenye chembechembe ndogo zinazoruhusiwa kufunguliwa na kunyunyizwa kwenye chakula laini, mradi usizitafune. Kapsuli ya atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, haifunguliwi, kwa kuwa unga wake huwasha macho. Ukitaja jina tu mfamasia anaweza asijue ni aina ipi uliyonayo. Mpelekee boksi lenyewe.

Dalili zinazofanana

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Umekunywa soda au chai ya sukari nyingi, na ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linakutoka, kichwa kinazunguka. Hiyo huenda si dawa, bali ni sukari iliyomwagika haraka kwenye utumbo, jambo la kawaida kwa waliofanyiwa upasuaji, hasa wa aina ya pili. Dalili za dawa kuzidi hufuata saa ya kumeza dawa, si saa ya kula.

Au miezi imepita, umeanza kuchoka na kusahau, na unasema dawa ya ADHD imekwisha nguvu. Kabla ya kuomba dozi kubwa zaidi, omba upimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12 huleta uchovu na kusahau, na wote wawili huwapata waliofanyiwa upasuaji huu. Ukiongeza dawa ya ADHD hapo, unauficha upungufu huku ukiendelea.

Ukitapika mfululizo kwa siku kadhaa, usisubiri tarehe ya kliniki. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo na huweza kuisha ndani ya wiki chache. Ukiona vitu viwili viwili, ukayumba unapotembea au ukachanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme ulifanyiwa upasuaji wa tumbo.

Nunua daftari dogo. Andika saa ya dawa, saa ya chakula na saa ya dalili. Kurasa za wiki mbili zitamsaidia daktari wako kuliko maelezo ya kukumbuka kwa kubahatisha.

Kwa nini dawa isiachwe hivihivi

Upasuaji wa tumbo humpa mtu ratiba ya maisha yote. Vitamini kila siku. Maji kwa mafunda madogo kutwa nzima. Kutafuna taratibu. Protini isiyopungua gramu 60 kwa siku. Vipimo vya damu kila mwaka. Sasa fikiria: ni nani anayepata shida zaidi na ratiba kama hiyo? Ni yule ambaye akili yake haikai kwenye ratiba. Dawa inayomsaidia kukumbuka vitamini ni sehemu ya matibabu ya tumbo lake. Kumwambia aiache bila mpango ni kumdhoofisha pale anapohitaji nguvu.

Lakini pia sikubaliani na anayeifurahia kwa sababu inamkatia hamu ya kula. Dawa nyingi za ADHD hupunguza hamu hiyo, na mtu mwenye kifuko cha mililita 30 akikosa hamu, misuli na nywele ndivyo vinavyolipa. Kula protini asubuhi kabla dawa haijaanza kazi: yai, samaki, mtindi, maharage yaliyosagwa. Hizi si dawa za kupunguza unene na zisitumike hivyo.

Kwa wazazi

Januari 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kuwa watoto wa miaka 13 na kuendelea wenye unene uliokithiri waweze kupelekwa kwa tathmini ya upasuaji. Familia zetu zilizoko huko zinaweza kukutana na ushauri huo. Kama mwanao anatumia dawa ya ADHD, hakikisha daktari wake wa afya ya akili anajua tarehe ya upasuaji kabla haijafika. Mfuatilie uzito, usingizi na hasira, na walimu waambiwe waangalie mabadiliko darasani.

Na wewe mzazi uliyefanyiwa upasuaji, ukijitambua katika dalili za mwanao, usichukue kidonge chake. Nenda ukapimwe.

Ombi langu

Kabla ya upasuaji, andika dawa zako zote kwenye karatasi moja na umwombe daktari wa upasuaji azungumze na aliyekuandikia dawa ya ADHD. Uliza kama unaweza kuhamia aina ya kidonge cha kawaida mapema, ukiwa bado na tumbo la zamani. Upimwe shinikizo na mapigo ya moyo kabla, kisha tena katika wiki za mwanzo. Kama unakwenda India au Uturuki, hakikisha kwanza kwamba dawa utakayopangiwa inapatikana nyumbani. Methilifenidati iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa za aina hii. Huinunui bila cheti cha daktari, na ya kuagiza kwa simu kwa mtu usiyemjua usiiguse.

Kwa madaktari wenzangu wa upasuaji, naomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu zetu: dawa za akili anazotumia mgonjwa, na nani atazifuatilia baada ya upasuaji. Mstari huo usiachwe wazi. Na wewe msomaji, ukiona umeachwa wazi, usisaini mpaka ujazwe.