Nyuzi Sita za Gitaa la Besi

Mwaka 1975, Anthony Jackson wa Marekani alipomwagiza fundi Carl Thompson amtengenezee gitaa la besi lenye nyuzi sita, alichokitafuta kilikuwa wasaa wa sauti: uzi mmoja mnene chini ya zile nne za kawaida, na mwembamba mmoja juu yazo. Aliyezoea nyuzi nne, alishikapo gitaa hilo, huona shingo yake pana ikimlemea kiganja, na kidole gumba cha kushoto hakina budi kushuka hadi katikati ya mgongo wa shingo, ndipo vidole vingine vifike mbali. Lakini taabu kubwa, kwa rai yangu, imo katika mkono wa kulia. Kwani uzi usiopigwa hutetemeka kwa kuuitikia ule wa jirani, hata wimbo ukavurugika kwa mvumo usiotakiwa, na mpigaji asiyejua kuzituliza nyuzi tano apigapo mmoja hajaanza kazi. Ilimu hii haina sifa mbele ya hadhira, nayo ndiyo ipuuzwayo na vijana wetu wa bendi, wanaoukimbilia uzi wa juu ili washindane na mpiga solo. Nawasihi waanze na ule mnene wa chini, taratibu, wakiisikiliza ngoma.