Matanga Bila Msiba

Ukitamka neno matanga hapa Embu, swali la kwanza ni: nani amekufa? Kwetu matanga ni hema, chai ya sufuria kubwa na mchango wa M-Pesa. Kwa vijana ni disko matanga. Hakuna anayefikiria kitambaa kilichojaa upepo. Na hilo, wasee, ndilo linaloniudhi.

Kwa sababu maji tunayo. Hesabu mabwawa ya Tana yanayopakana na Mbeere: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga pekee likijaa hufunika takriban kilomita 120 za mraba. Mvua ya Mlima Kenya inateremka na Thiba hadi Kamburu. Kathita ya Meru nayo inaungana na Tana huko chini. Lakini tangu tukiwa shule ya msingi tumefunzwa mambo mawili tu kuhusu maji haya: yanatoa stima, na usiyasogelee.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iliisha, na kusema kweli hamu ilikuwa imeisha kabla yake. Binamu yangu akaniita Kilifi nikapumzishe kichwa. Huko ndiko nilikopanda mashua ya faiba mara ya kwanza. Si faiba ya intaneti, ni ile ngumu kama ya bampa za matatu. Ilikuwa Wayfarer kuukuu: urefu mita 4.82, matanga mawili, na katikati ubao unaoshushwa majini ili upepo usiisukume kando. Ukifika penye kina kifupi unaupandisha, unateleza hadi mchangani. Mwingereza Ian Proctor aliibuni aina hiyo 1957. Mwaka 1963 Frank Dye alisafiri na yake kutoka Scotland hadi Iceland. Mimi siku ya kwanza nilipinduka mara nne nikiona ufuo.

Mzee aliyenifunza alinipa neno moja: kubisha. Nilidhani ni kugonga mlango, au kuleta ubishi. Kwa mabaharia, kubisha ni kwenda kule upepo unakotoka. Huwezi kwenda moja kwa moja, kwa hiyo unakata mshazari kulia, unageuza, unakata kushoto, mpaka ufike. Mtu aliyeacha chuo hasahau neno kama hilo.

Sasa nikirudi Kiritiri na kusema watoto wetu wafunzwe hivi, nasikia majibu matatu.

La kwanza: hayo ni mambo ya wazungu. Buda, tanga, foromali, joshi na usukani ni maneno ya Kiswahili, na yalikuwa baharini kabla ya klabu yoyote ya Mombasa au Naivasha. Wakoloni walileta ada ya uanachama. Upepo hawakuleta.

La pili: kuna mamba na viboko. Wapo, na wameua. Sisemi tumwage watoto popote. Nasema wavuvi na askari wa wanyamapori, wanaoyajua maji yale, wachague mahali, na pakikosekana penye usalama tuseme hapana. Kila mtoto awe na jaketi la kuokolea na boti ya injini iwe karibu. Lakini tuambiane ukweli: kuna wavuvi wanaoingia majini humo kwa mitumbwi inayovuja, bila jaketi. Woga wetu haujawatoa majini. Umewanyima mafunzo tu.

La tatu: pesa ziko wapi? Mafundi wa faiba tunao. Na Lamu, mafundi waliunda jahazi la taka za plastiki, Flipflopi, likashushwa majini 2018. Huku kwetu, kila mwanasiasa anayetaka kura ananunulia vikundi hema na viti vya mazishi. Sijasema aache, msiba hauna ratiba. Ila anayeweza kununua hema kumi anaweza kununua nane na kuongeza mashua moja ya watoto wa shule.

Mwaka huu nimekaa kwenye matanga ya vijana wa rika langu, na nimehesabu zaidi ya nilivyotaka. Sasa nangoja yale mengine, meupe, asubuhi pale Kamburu, kabla upepo haujakaza.