Kompyuta Ndogo ya Gemu: Pesa Iende Wapi

Udogo wa kompyuta ya mezani hupimwa kwa lita, yaani ujazo wa kesi yake. Kesi ya kawaida inayobeba madabodi ya ATX huwa na lita 40 au zaidi. Inayohesabiwa kuwa ndogo haivuki lita 20. Ndani ya lita hizo 20 lazima vienee vitu vilevile saba vinavyokaa kwenye kesi kubwa: madabodi, prosesa, kipozeo chake, RAM, diski, kadi ya michoro na pawa sapulai. Vikishabanwa pamoja, kila kimoja huanza kumwekea mwenzake masharti. Kadi ndefu huzuiwa na feni ya mbele, kipozeo kirefu hugonga ubavu wa kesi, na pawa isiyotosha huigeuza kadi nzuri kuwa pambo. Kwa hiyo sehemu za kompyuta ndogo hazinunuliwi moja moja kila bei nzuri inapojitokeza. Hupangwa zote kwenye karatasi kwanza, na vipimo vyake kando.

Kwa mwenye bajeti finyu kuna jambo jingine: udogo wenyewe hulipiwa. Madabodi ya Mini-ITX, umbo lililoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ina milimita 170 kila upande. Hubeba RAM mbili na kadi moja tu, lakini kwa kawaida huuzwa ghali kuliko Micro-ATX ya milimita 244 yenye chipu zilezile, kwa kuwa hutengenezwa chache na saketi zake hubanwa mahali padogo. Pawa sapulai za SFX, ndogo kuliko za ATX, nazo hugharimu zaidi kwa wati zilezile. Anayeng'ang'ania kesi ya lita 10 hujikuta pesa ambayo ingempatia kadi bora imeishia kwenye bati na nyaya. Safu hii inashikilia kwamba bajeti ikiwa ndogo, kadi ya michoro na pawa ndizo zenye haki ya kwanza, na udogo utafutwe kwa kile kinachobaki.

Kabla ya pesa kutoka, ijulikane gemu zitakazochezwa na skrini itakayotumika. Counter-Strike 2 na Valorant hutegemea sana prosesa na huenda vizuri kwa kadi ya kawaida. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, haisumbui kadi yenye kumbukumbu ya GB 4. Gemu nyingi kubwa za miaka ya karibuni ndizo zinazodai GB 8 hata kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Na kwa bajeti inayozungumziwa hapa, skrini iwe hiyohiyo ya 1080; kutafuta ya 4K ni kujitafutia gharama ambayo kadi ya bei nafuu haiwezi kuibeba.

Njia ya bei ndogo kabisa huanzia kwenye kompyuta za ofisi zilizokwisha tumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Makampuni ya nje huzibadilisha kwa mafungu kila baada ya miaka michache, na nyingi hufika Kariakoo jijini Dar es Salaam na kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi zikiwa bado na uhai mrefu. Ndani ya boksi moja mnunuzi hupata kesi, madabodi, prosesa, RAM na pawa kwa bei ambayo mara nyingi haifiki ya madabodi na prosesa mpya. Kinachobaki ni kuongeza kadi.

Lakini kompyuta hizi zina saizi kadhaa, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Ile ndogo kabisa, inayoweza kufungwa nyuma ya monita, huvutia macho, ila nyingi za aina hiyo hazina kabisa nafasi ya kadi ya michoro. Ya kutafutwa ni ile ya kati, bapa, inayolazwa au kusimamishwa, ambayo kwenye karatasi zake huandikwa SFF. Kifuniko kikiondolewa huonekana nafasi ndefu ya kadi kwenye madabodi, na upande wa pili pawa yenye lebo ya wati, mara nyingi kati ya 180 na 260. Vitu viwili vinatakiwa kusomwa hapo. Kwanza, kimo: kesi hii haipokei kadi ya kawaida, inataka kadi fupi yenye bamba fupi la nyuma, na katika baadhi ya modeli nafasi imekaribiana na pawa kiasi kwamba kadi nene haiingii. Pili, umeme: pawa hizi kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa wati 75 zinazotolewa na nafasi yenyewe ya PCIe.

Masharti hayo mawili hupunguza orodha ikabaki fupi. GTX 1650 ya mwaka 2019 ipo kwa umbo fupi, ina GB 4 na huishia kwenye wati 75. RX 6400 hutumia wati 53 tu, lakini huunganishwa kwa njia nne za PCIe badala ya 16, hivyo kwenye mashine ya zamani yenye PCIe ya kizazi cha tatu hupungukiwa nguvu. Tena haina saketi ya kurekodi video, jambo zito kwa anayetaka kurusha gemu zake mubashara. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70 na ndiyo bora kati ya hizi tatu. Isichanganywe na RTX 3050 ya GB 8, ambayo ni kadi nyingine yenye nguvu zaidi, inayokula wati 130 na kudai waya wake. Majina yanafanana, mashine haifanani. Kadi za Arc za Intel zinafaa kuachwa kwa mashine mpya, kwa sababu bila kipengele cha Resizable BAR kwenye BIOS kasi yake hushuka sana.

Kizazi cha prosesa nacho kikaguliwe. Kwa prosesa za Intel zenye namba ya tarakimu nne, tarakimu inayofuata alama ya mstari ndiyo kizazi: i5-7500 ni ya saba, i5-8500 ni ya nane. Tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ya kwanza ina viini vinne, ya pili sita. Zaidi ya hapo, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hupokea rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Valorant ndani ya Windows 11 hukataa kufunguka mpaka vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa. Muuzaji akishusha bei ya mashine ya kizazi cha sita au cha saba, punguzo hilo lina sababu yake. Kwa mashine za Dell, OptiPlex 7050 iko upande wa zamani wa mpaka huu, na 7060 iko upande unaokubalika.

Njia ya pili ni kuacha kadi kabisa na kutumia prosesa yenye michoro ndani yake. Ryzen 5 5600G na, kwa kizazi kipya, Ryzen 5 8600G ndizo zinazofaa. Kwa njia hii kompyuta huweza kuwa ndogo kweli: boksi la ASRock DeskMini X300 lina lita 1.92 na huendeshwa kwa adapta ya wati 120 kama ya kompyuta mpakato, na ndani yake 5600G hukaa vizuri. Sharti moja halina mjadala. RAM ziwe mbili, si moja, kwa sababu michoro hapa haina kumbukumbu yake na huazima ile ya kompyuta. RAM moja ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Mbili hupitisha 51.2. Vijiti viwili vya GB 8 vitaendesha gemu vizuri zaidi kuliko kijiti kimoja cha GB 16. Boksi la namna hii, hata hivyo, halina pa kuchomeka kadi siku za mbele, na mnunuzi alichukue akijua hivyo.

Anayeweza kusubiri na kuweka akiba zaidi huunda ya kwake. Kesi ichaguliwe mwanzo, na vipimo vyake vitatu viandikwe: urefu wa kadi inayoingia, kimo cha kipozeo, na aina ya pawa. Cooler Master NR200 ya lita 18 na kidogo ni mfano mzuri kwa sababu hupokea kadi ya hadi milimita 330, lakini inataka Mini-ITX na SFX. Kesi fupi ya Micro-ATX inayopokea pawa ya ATX itakuwa na lita kadhaa za ziada, na itaacha pesa mfukoni. Kwa chumba cha kawaida tofauti hiyo ya ukubwa haisumbui mtu. Tofauti ya kadi ndiyo itakayoonekana kwenye skrini kila jioni.

Katika kadi, RX 6600 ya mwaka 2021 imeendelea kuwa chaguo la heshima kwa bajeti ndogo: GB 8, wati 132, na matoleo mafupi yanayoingia karibu kesi yoyote. RTX 4060 ya wati 115 ni bora zaidi kwa kesi ndogo pale bei inaporuhusu, kwani wati chache maana yake ni joto kidogo. Kwa prosesa, Ryzen 5 5600 yenye viini sita au Core i3-12100F yenye vinne zinatosha kwa kadi za daraja hili. Zote mbili hazina michoro ndani, kwa hiyo kadi ikiharibika skrini haitawaka. Soketi mpya ya Ryzen, AM5, inalazimisha DDR5, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazigombania. Kwa wakati huu jukwaa la zamani la AM4 lenye DDR4 ya mtumba lina faida iliyo wazi.

Diski haihitaji maneno mengi: SSD ya NVMe ya GB 500 kwa kuanzia, ya TB 1 kama inawezekana. Gemu kubwa moja huweza kupita GB 100, na kwa anayepakua kwa bando kufuta gemu leo ni kuilipia tena kesho. Diski ya kawaida ya bei rahisi ya kutunzia gemu zisizochezwa kwa sasa hujilipa haraka.

Pawa sapulai ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayoua nyingine. Hesabu yake ni nyepesi. Ryzen 5 5600 hufika wati 76, RX 6600 ni 132, na vilivyobaki viwekewe 50. Jumla haifiki 260. Pawa ya kweli ya wati 450 inatosha na inabaki na nafasi. Neno la kuzingatia ni kweli, kwani pawa nyepesi zinazokuja ndani ya kesi za bei poa huandikwa wati 500 ambazo hazijawahi kuzitoa. Nembo ya 80 Plus hupima tu upotevu wa umeme, haithibitishi ulinzi dhidi ya shoti, hivyo jina la mtengenezaji na miaka ya waranti navyo vitazamwe. Pawa za zamani zenye swichi nyekundu nyuma zikaguliwe kabla ya kuchomekwa: ikiwa kwenye 115 katika nchi yenye umeme wa volti 230 au 240, inaungua papo hapo. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, UPS huokoa mashine nzima. Nyingi za VA 650 hubeba kati ya wati 325 na 390, kiasi kinachotosha kompyuta hii na monita yake kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima.

Joto la Pwani nalo lina neno. Kesi inayopoa vizuri katika chumba cha nyuzi 20 hufanya kazi nyingine kabisa Mombasa au Tanga, ambako chumba kina 30 au zaidi na feni ya dari ndiyo kiyoyozi. Kesi ya kioo mbele ikataliwe. Itakiwe yenye wavu. Feni za kuingiza hewa zizidi za kutoa, na kila mlango wa hewa uwe na kichujio cha vumbi kinachotoka na kuoshwa. Hata kipozeo kinachokuja na 5600 kinatosha endapo hewa inapita.

Kadi ya mtumba isinunuliwe kabla ya kuonekana ikifanya kazi. Kuna kadi za zamani ambazo BIOS yake imebadilishwa ili kompyuta izisome kama GTX 1050 Ti au nyingine ya maana. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo la mwaka 2018, hutambua nyingi za NVIDIA zilizoghushiwa na huandika neno FAKE mbele ya jina. Ikishapita hapo, iendeshwe gemu nzito kwa nusu saa dukani, jotoridi likitazamwa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo aachwe na kadi yake.

Kwa mwenye pesa ya kuanzia tu, chaguo la safu hii ni OptiPlex au EliteDesk ya SFF yenye i5 ya kizazi cha nane, RAM mbili za GB 8 na RTX 3050 fupi ya GB 6. Mwenye uwezo wa kungoja miezi michache zaidi achukue Micro-ATX, Ryzen 5 5600, RX 6600 na pawa ya wati 450 yenye jina.