Dola dukani Mji Mkongwe: Marufuku ipo, kibandiko kiko wapi?

Tangu Machi 28, 2025, kutaja, kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni hapa Tanzania ni marufuku. Lakini ukipita Gizenga, Hurumzi au Barabara ya Kenyatta kule Shangani, "shilingi ngapi?" bado inaweza kujibiwa kwa dola.

Si suala la mtalii peke yake. Linamgusa pia mkaazi anayetafuta kilo ya mchele karibu na kwake.

Kanuni inasemaje?

Ilitolewa chini ya Sheria ya Benki Kuu. Muuzaji haruhusiwi kuweka bei kwa dola wala kuikataa shilingi. Mikataba iliyokuwepo kwa fedha za kigeni ilipewa mwaka mmoja irekebishwe au imalizike. Mtalii anaweza kulipa kwa kadi, au akabadilishe pesa zake benki au kwenye duka la kubadilisha fedha.

Na kwa kuwa sarafu ni jambo la Muungano, hoja ya "huku Zanzibar tuna utaratibu wetu" haina miguu.

Kwa nini dola haitoki?

Kwa sababu wageni ni wengi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755, wakati sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 Unguja na Pemba.

Tena mgeni anaanza kuhesabu kwa dola hata kabla hajafika. Tangu Oktoba 2024 analazimika kukata bima ya safari ya dola 44. Akishuka, muuza vinyago naye anaendelea na lugha ile ile.

Mji mmoja, maduka ya aina mbili

Shangani na Hurumzi ni viungo vya kwenye pakiti, picha za kuchora, vikoi na vinyago. Nenda Darajani, ambako soko kuu lipo tangu 1904, kisha uingie Mchangani. Huko ni shilingi tupu: kanga kwa doti, vitambaa vya kushona, masufuria, nguo za watoto. Kumi la mwisho la Ramadhani hapapitiki, watu wananunua vya Sikukuu mpaka usiku mkubwa.

Halafu kuna duka la mtaani, lile la sukari, unga na sabuni. Mwenye duka anakujua wewe na mama yako. Ukipungukiwa anakuandika kwenye daftari, utalipa mwisho wa mwezi. Hili ndilo lililo hatarini zaidi.

Kodi ya fremu ndiyo penye maumivu

Mwenye nyumba akipanga kodi kwa dola, muuza mchele anauza kwa shilingi lakini analipa kwa sarafu asiyoishika. Mwaka 2025 peke yake dola moja ilifika karibu shilingi 2,700, kisha ikashuka chini ya 2,500. Anayeuza kwa dola hilo halimsumbui sana. Anayeuza kilo mbili za unga, faida yake yote imo ndani ya tofauti hiyo.

Akishindwa, fremu inachukuliwa na duka jengine la zawadi. Mkaazi naye anapanda daladala kwenda Mwanakwerekwe kutafuta kile alichokuwa anakipata kwa kuvuka kichochoro. Duka likifungwa na lile daftari limekwenda.

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 ukiwa mfano wa mji wa biashara wa Waswahili. Kuta zinaweza kutengenezwa. Biashara ya wenyeji ikihama, kuirudisha ni kazi nyengine.

Kupatana bei si kosa

Wapo wanaosema shida ni mtindo wetu wa kupatana. Hapana. "Nipunguzie basi" ni sehemu ya kununua, na kanuni haikuugusa. Shida ni bei kutoandikwa popote. Pasipo kibandiko, mkaguzi hana cha kusoma na mteja hana cha kuanzia. Bei inapangwa kwa kuangalia uso: mgeni hii, mwenyeji ile.

Wenzetu Japani walishaamua upande wao. Tangu Aprili 2021, duka linapomwandikia mteja bei, lazima iwe jumla yenye kodi ndani. Anayoiona ndiyo anayolipa. Sisi hatuna haja ya kuacha kupatana ili tuige hilo. Bei ya kuanzia ikiandikwa kwa shilingi, mazungumzo yanaendelea kama kawaida, ila wote mnaanzia pamoja.

Cha kuangalia

Ukaguzi ukiishia kwenye vibandiko vya vinyago, mkaazi hatoona tofauti yoyote. Uanzie kwenye mikataba ya fremu. Duka la unga likibaki wazi Kiponda na Mkunazini, hapo tutajua shilingi imerudi kweli.