Kumbukumbu Si Ngoma ya Mgeni Rasmi

Ndugu msomaji, leo sikuletei hadithi. Nimekuja na ugomvi, na naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unirushie mawe.

Hapa kwetu Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, maneno "kuenzi utamaduni" tunayapenda mno. Yanaandikwa kwenye mabango, yanasomwa kwenye risala. Kisha siku ya maonyesho inafika. Wazee wanakalishwa juani tangu saa mbili asubuhi, kina mama wanapewa vinu watwange mahindi ambayo hakuna atakayeyala. Mgeni rasmi anatokea saa saba, anapita kwenye meza kama mtu anayewahi basi la Sumbawanga, anapigwa picha kashika ungo, kwaheri. Jioni ukiuliza tumekumbuka nini, utaambiwa soda hazikutosha.

Miaka michache iliyopita bibi yangu alialikwa kwenye shughuli ya namna hiyo. Alibeba kitenge kimoja kikuukuu. Katika kibindo cha kitenge hicho ndimo alimoficha kwacha zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, maduka yetu yalipobaki rafu tupu na sabuni ikawa kitu cha kuota usiku. Alivuka na maharage kichwani, akarudi na sabuni. Ilipofika Machi 1983, serikali ikaanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na mche mmoja wa sabuni ulitosha kumtoa mtu jasho. Hayo ndiyo aliyotaka kuyasema siku ile. Aliyepanga meza akamwambia, "Bibi, wewe twanga tu, maelezo tunayo." Akatwanga. Akarudi nyumbani kitenge hakijakunjuliwa.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwepo! Mjukuu mwandishi nimekaa kivulini na daftari, naandika sura ya nne ya riwaya inayotokea Masaki, Dar es Salaam, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Tulipokuwa tunarudi bibi akanisimulia nusu ya mambo yake. Nusu ya pili nikamwambia tutaimalizia siku nyingine. Siku hiyo haikuja, bibi akafariki. Kitenge ninacho, lakini sina jina la yule mwanamke wa ng'ambo aliyemficha jikoni kwake siku tatu. Huenda wajukuu wake huja kuuza na kununua hapa mpakani kila wiki, tunapunjana bei bila kujua kwamba tunadaiana fadhila.

Kwa hiyo nasema waziwazi: maonyesho ambayo mwenye kumbukumbu hafungui mdomo ni danganya toto. Unaweka jembe la zamani mezani, unaandika "Zana ya asili", basi umemaliza? Nani alilifua? Lilimlipia nani mahari? Mababu wa Ufipa walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Watu wa namna hiyo tunawafupisha kwa maneno mawili kwenye kikaratasi!

Tazama wenzetu wa Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ilitangaza kuwa mtaa wa District Six ni wa wazungu tu. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa. Desemba 1994 ikafunguliwa makumbusho ndani ya kanisa la zamani la mtaa huo, na sakafuni ikatandazwa ramani kubwa ya mitaa. Waliofukuzwa wakaja, wakainama, wakaandika majina yao pale pale nyumba zao ziliposimama. Pakawekwa na vitambaa ili watu waandike wanayoyakumbuka. Hapo aliyeingia kama mgeni akageuka kuwa mwandishi wa maonyesho yenyewe.

Utasema huko ni mbali. Haya, vuka mpaka twende Mbala, si safari ya kulala njiani. Pale ipo makumbusho ya Moto Moto. Padri Jean Jacques Corbeil, mtu wa Kanada, alikusanya kwa miaka mingi vyombo vya watu wa kaskazini mwa Zambia, pamoja na vifaa vya kuwafundia mabinti wa Kibemba, na mwaka 1974 mkusanyiko huo ukawa makumbusho. Padri mgeni aliona thamani ya chungu. Sisi wajukuu wa mfinyanzi tunakipiga teke. Hata Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, tangu miaka ya 1990, kimekuwa kikiita watu wa kabila moja moja waje wenyewe kuonyesha vyakula, nyumba na mila zao. Kwa hiyo mfano upo. Tunachokosa ni haya.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: hakuna bajeti. Longolongo! Tunahitaji darasa moja siku ya Jumamosi, karatasi za manila, kamba, pini na kalamu nene. Tuchore Kasesya ukutani, njia za zamani na za sasa. Kila mtu alete kitu kimoja na maneno yake, sisi tuyaandike kama alivyoyasema, kwa Kifipa, Kimambwe au Kiswahili.

Jibu la pili: wazee watapishana, wengine watatia chumvi. Wapishane! Tundika maelezo yote mawili, la huyu na la yule, acha nafasi ya wa tatu kusahihisha. La tatu linasemwa kwa kunong'ona: mambo ya magendo yanatia aibu. Aibu ya nani? Kama tutaonyesha ngoma tu na kuficha njaa, tutakuwa tumewarithisha watoto bibi ambaye hakuwahi kuwepo.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba kwenye maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, wamekuta magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, ya miaka isiyopungua 476,000. Mti huo haukuoza kwa sababu ulifunikwa na mchanga uliolowa maji. Dunia nzima ikashangaa. Lakini kumbukumbu ya bibi yako haina mchanga wa kuihifadhi. Inaondoka naye alasiri moja, nawe umekwenda kuchaji simu.

Sasa nawageukia nyinyi, waandishi chipukizi wenzangu. Tunalia kila siku kwamba wachapishaji hawatutaki. Tujiulize basi tumewapelekea nini: mapenzi ya Masaki yaliyoandikwa Kasesya? Riwaya ambayo mhusika wake hajui bei ya debe la maharage? Mimi sura zangu nne nimezifungia sandukuni. Jumamosi ijayo nakwenda Mbala na kitenge cha bibi. Nitakikunjua sokoni mbele ya akina mama wauza mboga na kuuliza nani anamfahamu mwenye jiko lile.

Wakinicheka, sawa. Wewe nawe, kabla hujanijibu kwenye toleo lijalo, nenda kamuulize mzee wako jambo moja. Kisha nyamaza usikilize.